Mto Katika Rangi za Maji: Tathmini ya Picha za Elizabeth Simcoe

Utangulizi

Sisi wahubiri tumezoea kuitumia picha ya mto kama kielelezo cha mahubiri kabla hatujaitazama vya kutosha. Kalenda za makanisa yetu, majalada ya ratiba za ibada na vijitabu vya shule ya Jumapili vimejaa maporomoko ya maji, na chini yake huandikwa aya ya Zaburi. Jambo hilo si baya. Lakini lina hatari yake: picha hugeuka kuwa pambo la aya, na aya hugeuka kuwa maelezo ya pambo, wala hakuna kati ya hizo mbili inayosikilizwa. Makala hii inakusudia kuanza na picha yenyewe: ilichorwa na nani, kwa ufundi gani, inaonyesha nini na inaacha nini. Baada ya hapo ndipo tutakapouliza swali la kitheolojia.

Tumechagua picha za mito zilizochorwa kwa rangi za maji na Elizabeth Simcoe, mwanamke Mwingereza wa zama za Uromantiki, alipokuwa Kanada kati ya mwaka 1791 na 1796. Tutazingatia hasa picha yake ya daraja la Playter katika mto Don, pamoja na picha zake za bonde la mto Niagara. Hoja yetu ni kwamba picha hizi ni kazi njema, zenye uaminifu mkubwa kwa yale ambayo jicho la mchoraji lilikubali kuyaona. Kasoro yake haiko katika mkono. Iko pale jicho lilipokoma. Kasoro hiyo inatuhusu sisi tuliopewa kazi ya kunena.

Mchoraji na zama zake

Elizabeth alizaliwa Uingereza mwaka 1762. Baba yake alikuwa amekwisha kufa, na mama yake naye akafariki mara baada ya kumzaa; ndiyo sababu akapewa pia jina la Kilatini Posthuma, lenye kukumbusha kuzaliwa baada ya kifo cha baba. Alilelewa na jamaa zake, akarithi mali nyingi, na mwaka 1782 akaolewa na afisa wa jeshi, John Graves Simcoe. Mwaka 1791 mumewe alisafiri kwenda kuwa Luteni Gavana wa kwanza wa jimbo jipya la Upper Canada, sehemu ambayo leo ni ya Ontario. Elizabeth alikwenda pamoja naye, akiwa na watoto wawili wadogo, na kuwaacha Uingereza mabinti wanne wakubwa zaidi.

Katika miaka hiyo mitano aliandika shajara na kuchora mamia ya picha. Sehemu ya kazi hiyo ilikuwa ya kimama: waliobaki nyumbani wapate kuona kwa macho yale ambayo barua haikutosha kueleza. Lakini sehemu nyingine ilikuwa ya kiserikali. Elizabeth alichora pia ramani ambazo mumewe alizitumia katika taarifa zake kwa wakubwa wa London. Baadaye picha 32 alizochora juu ya magome ya mti wa birchi zilitolewa kama zawadi kwa Mfalme George wa Tatu, na leo zimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Uingereza. Mkono ule ule uliowachorea watoto ulichora pia kwa ajili ya dola, na si rahisi kuutenga upande mmoja na mwingine.

Hatuna budi kukumbuka pia hali ya wanawake katika sanaa ya wakati ule. Chuo cha Kifalme cha Sanaa kilipoanzishwa London mwaka 1768, wanawake wawili, Angelica Kauffman na Mary Moser, walikuwa miongoni mwa waanzilishi. Baada yao hakuna mwanamke aliyechaguliwa kuwa mwanachama kamili hadi Laura Knight mwaka 1936. Mafuta na turubai, picha kubwa za historia na za Biblia, vilihesabiwa kuwa kazi ya wanaume. Mwanamke wa tabaka la juu aliachiwa rangi za maji kama sehemu ya malezi mema, pamoja na muziki na ushonaji.

Lakini kile kilichodharauliwa kilikuwa na nguvu yake. Ndugu wawili, William na Thomas Reeves, walikuwa wamebuni vidonge vya rangi vilivyo laini na rahisi kuchukuliwa, na mwaka 1781 wakatunukiwa kwa uvumbuzi huo. Mtu angeweza kubeba karakana yake nzima katika kisanduku, akachora akiwa ndani ya mtumbwi au mbele ya hema. Kwa njia hiyo mwanamke aliyefungiwa mlango wa chuo alifika mahali ambapo wanachuo wengi hawakufika.

Ufundi wa rangi za maji una kanuni moja inayostahili kuangaliwa na mwanatheolojia. Katika mafuta, mwanga huwekwa kwa kupaka rangi nyeupe juu ya nyingine. Katika rangi za maji, mwanga ni ule weupe wa karatasi ambao mchoraji ameuacha bila kuugusa, au ameupitishia rangi nyepesi inayoweza kupenywa. Mchoraji hauumbi mwanga. Anaupokea na kujihadhari asiuzime. Akikosea kwa kuongeza, ni vigumu sana kurekebisha. Mto unang'aa kwa sababu mkono ulijizuia. Elizabeth hakuwa bingwa wa kiwango cha juu katika ufundi huu, na miti yake wakati mwingine hufanana mno, mmoja na mwingine. Lakini kanuni hii ya kujizuia aliifahamu vema.

Picha ya daraja la Playter

Mto Don unapita katika mji wa Toronto wa leo, ambao wakati ule uliitwa York. Watu wa Mississauga walikuwa na jina lao la kale kwa mto huo kabla Luteni Gavana hajaupa jina la mto wa Uingereza. Karibu na shamba la familia ya Playter, mti mkubwa wa jamii ya mjozi ulianguka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Haukufa. Mizizi yake iliendelea kushika udongo, na matawi yakaendelea kuota majani yakiwa yamelala juu ya maji. Wenyeji wa mahali hapo wakaufanya daraja.

Mwaka 1796, muda mfupi kabla ya kurudi Uingereza, Elizabeth alilichora daraja hili. Pia aliandika habari zake katika shajara. Anaeleza kwamba kwa kuwa mke wa Playter alikuwa mwoga, mti mrefu ulifungwa kati ya matawi ili apate mahali pa kushika. Elizabeth naye alijaribu kuvuka. Akiisha kuanza, alikusudia kuendelea. Lakini kabla hajafika katikati hofu ilimshika.

Mtazamaji anayeifahamu habari hiyo huona jambo la ajabu katika picha: hofu haimo. Tunachokutana nacho ni utulivu. Mto, shina lililolala na majani vimepatanishwa katika umbo moja lenye kupendeza. Mchoraji alilitazama daraja akiwa ukingoni, si akiwa juu yake. Yule mwanamke aliyesimama nusu njia huku magoti yakitetemeka yuko katika shajara tu.

Kwa nini iwe hivyo? Jibu moja liko katika mafundisho ya kuona yaliyotawala wakati ule. Mwaka 1782 William Gilpin, kasisi wa Kanisa la Uingereza, alichapisha kitabu kuhusu mto Wye, akiwafundisha wasafiri namna ya kutazama mandhari kana kwamba ni picha. Alisifu kisicholainika: mwamba uliopasuka, gofu lililoota magugu, mti uliovunjika. Aliwahi hata kusema kwamba nyundo itumikayo kwa busara ingeweza kuuboresha mwonekano wa kuta za magofu ya Tintern Abbey. Katika magofu hayo hayo Gilpin aliwakuta maskini wakiishi katika vibanda, na kwa heshima yake lazima tuseme kwamba aliandika habari za umaskini wao. Lakini katika hesabu yake ya uzuri hawakuwa na nafasi.

Elizabeth alikuwa mtoto wa shule hiyo ya kuona, na shajara yake hulitumia mara nyingi neno lake kuu, lenye maana ya kitu kinachofaa kuchorwa. Mti ulioanguka ulikuwa hasa kile ambacho shule hiyo ilimfundisha kukitafuta. Tunaisifu picha kwa sababu ilikipa heshima kitu ambacho mhandisi angekicheka. Lakini tunaona pia kwamba tayari hapa, katika jambo dogo lisilo na dhambi, kuna mgawanyo: uzuri unakwenda kwenye karatasi ya rangi, na hofu inakwenda kwenye karatasi ya wino.

Mto wa Niagara na kile kisichochorwa

Mgawanyo huo unakuwa mzito zaidi tukiiendea Niagara. Elizabeth aliyaona maporomoko yake kwa mara ya kwanza tarehe 30 Julai 1792, akayachora. Aliendelea kuuchora mto huo katika sehemu mbalimbali, pamoja na Queenston, mahali ambapo mashua zilipakiwa na kushushwa mizigo. Makao ya familia yalikuwa Navy Hall, karibu na mdomo wa mto. Hapo ndipo mtoto wao Katherine alipozaliwa mwezi Januari 1793.

Miezi miwili baadaye, tarehe 14 Machi 1793, katika mto huo huo upande wa Queenston, mwanamke mwafrika aliyeitwa Chloe Cooley alifungwa kwa kamba na bwana wake, Adam Vrooman, akisaidiwa na wanaume wengine. Walimtupa katika mashua na kumvusha hadi ng'ambo ya Marekani, ambako aliuzwa. Alipigana na kupiga kelele. Tarehe 21 Machi, Peter Martin, mtu mweusi aliyekuwa ametumika katika jeshi, alifika mbele ya Baraza la Utendaji lililokutana Navy Hall, na kutoa taarifa. Alimleta William Grisley, mzungu aliyeliona tendo hilo kwa macho yake. Luteni Gavana Simcoe, aliyekuwa akichukia utumwa, aliamuru Vrooman ashtakiwe. Vrooman alijibu kwamba mtumwa ni mali na kwamba hakuna sheria aliyoivunja. Kesi haikuendelea.

Mwezi Julai 1793 sheria ya kupinga utumwa ikapitishwa. Lakini baadhi ya wajumbe wa vyombo vya jimbo walikuwa wenyewe na watumwa, hata Peter Russell aliyeketi katika Baraza siku ile. Sheria ikatoka ikiwa nusu: ilizuia kuleta watumwa wapya, wale waliokuwepo ikawaacha katika utumwa hadi kufa, na watoto ambao wangezaliwa baadaye na mama watumwa wangepata uhuru wakifikia umri wa miaka 25. Chloe Cooley mwenyewe haikumfaa kitu. Baada ya kuvushwa, kumbukumbu hazimtaji tena.

Hakuna picha ya Elizabeth Simcoe ijulikanayo inayoonyesha tukio hili, wala inayolidokeza. Mto uliochorwa ni mpana, umetulia, na mashua zake ni alama ndogo zinazompa mtazamaji kipimo cha umbali.

Je, ni haki kumdai mchoraji?

Hapa mtu anaweza kutupinga, na pingamizi lake ni la maana. Mandhari si taarifa ya polisi. Mchoraji hakuwako ukingoni siku ile. Alikuwa na mtoto mchanga. Mwanamke wa cheo chake hakufundishwa kuchora mambo ya namna hiyo, na hata wanaume waliofundishwa hawakuyachora. Aidha, mumewe ndiye aliyesukuma sheria. Kumlaumu kwa kutochora ni kumhukumu mtu kwa kazi ambayo hakupewa.

Tunakubali sehemu kubwa ya pingamizi hilo. Tena tunaongeza jambo moja la kumtetea. Mwezi Aprili 1794 mtoto Katherine alifariki huko York, akiwa na umri wa miezi kumi na mitano, akazikwa huko huko. Mama yake aliandika juu ya kifo hicho katika barua kwa rafiki aliyewatunza mabinti nyumbani. Mtu akizitazama picha za mandhari za miaka ile, hawezi kutambua ni zipi zilichorwa kabla ya kaburi lile na ni zipi baada yake. Basi, picha zilizomficha Chloe Cooley zilimficha pia Katherine. Ukimya wa mandhari si lazima uwe ugumu wa moyo. Wakati mwingine ni namna ya mtu kuendelea kusimama.

Hata hivyo, ukimya huu wa aina mbili haulingani. Mtoto alikuwa na barua, jina na kaburi. Huzuni yake ilipata karatasi nyingine ya kuandikwa. Chloe Cooley hakuwa na barua wala shajara. Tunamjua kwa sababu moja tu: watu wawili waliingia katika chumba cha Baraza wakasema walichokiona na kukijua. Kama Peter Martin naye angefuata kanuni ya kuchagua kinachopendeza, jina hilo lisingetufikia. Kwa sababu hiyo hatusemi kwamba mchoraji alitenda dhambi kwa kuchora mto mzuri. Tunasema kwamba picha zake, zikiachwa peke yake, zinatupa ushuhuda wa uongo juu ya mto. Na zikiwekwa pamoja na maneno ya Martin na Grisley zinakuwa ushuhuda wa kweli. Jukumu la kuziweka pamoja ni letu sisi watazamaji.

Tathmini ya kitheolojia

Katika Mjadala wa Heidelberg wa mwaka 1518, Luther alitofautisha mwanatheolojia wa utukufu na mwanatheolojia wa msalaba. Wa kwanza huamini kwamba anaweza kumtambua Mungu moja kwa moja kwa kuvitazama vitu vilivyoumbwa, naye huishia kuita ubaya wema na wema ubaya. Wa pili hukiita kitu kwa jina lake halisi, kwa sababu amemtambua Mungu katika mateso na msalaba. Mara nyingi tunalifundisha jambo hili kana kwamba linahusu vitabu tu. Linahusu pia macho. Mhubiri anayeonyesha maporomoko ya Niagara na kusema kwamba hapo utukufu wa Mungu uko wazi hajakosea juu ya uumbaji. Amekosea kama anadhani ameumaliza mto. Mto huo huo ulipitisha mashua yenye mwanamke aliyefungwa.

Maandiko yenyewe hayatengani hivyo. Zaburi ya 104 inashangilia chemchemi na mabonde, na Zaburi ya 137 inaukumbuka mto kwa machozi ya mateka. Kanisa limezipokea zote mbili katika kitabu kimoja cha sala. Kalenda zetu huichagua ya kwanza daima.

Lakini tusije tukaangukia upande wa pili, tukadhani kwamba theolojia ya msalaba inadharau uzuri. Kifungu cha kwanza cha Kanuni ya Imani, kama Katekisimo Ndogo inavyokieleza, kinatufundisha kupokea uumbaji kama zawadi isiyostahiliwa, na kisha kushukuru na kutumika. Katika hili picha ya mto Don ina ushuhuda wa pekee. Mwishoni mwa karne ya 19 sehemu ya chini ya mto huo ilinyooshwa kwa ajili ya viwanda na reli. Uchafu ukazidi hata mwaka 1969 wanaharakati wa mazingira wakaufanyia mto mazishi ya kuigiza katika mitaa ya Toronto. Baada ya miaka mingi ya kazi, mwaka 2024 mto ulifunguliwa mdomo mpya wenye mikondo ya kiasili. Karatasi ndogo ya mwanamke aliyedharauliwa na vyuo inatusaidia leo kujua ni nini kilichopotea kati ya miaka hiyo. Uzuri ulioandikwa kwa uaminifu ni shitaka dhidi ya uharibifu.

Hitimisho

Tunaihesabu picha ya daraja la Playter kuwa bora kuliko picha za Niagara. Niagara ilimshinda Elizabeth kama ilivyowashinda wengi: jambo kubwa lilihitaji ukubwa, na rangi nyepesi hazikuubeba. Katika Don alipata kitu kilicholingana na mkono wake, mti ulioanguka ambao bado unaishi na unavusha watu. Ni rahisi kwa mhubiri kurukia hapo na kusema kwamba mti huo ni msalaba. Tunashauri asiharakishe. Kwanza auache uwe mjozi katika mto wa Kanada, wenye mti wa kushika uliofungwa kwa ajili ya mwanamke mwoga. Aliyefunga mti ule aliiona hofu ya jirani yake akatenda jambo dogo la kumsaidia. Mwenye picha hii mkononi anayo sababu ya kutosha ya kuhubiri, bila kuongeza mfano wowote.

Wanafunzi wa theolojia watakaokwenda sharikani wataulizwa mara nyingi wachague picha: ya jalada, ya ukuta wa ofisi ya usharika, ya somo la kipaimara. Wachague iliyo nzuri, wala wasione haya kuupenda uzuri. Kisha wakiisha kuitundika waulize ni nani aliyevushwa katika maji haya, na ni nani aliyeona. Wakimpata aliyeona, wamwite aseme mbele ya usharika, picha ikiwa imetundikwa nyuma yake.